Faini za Mahakama Mbele ya Bunge: Shilingi, Siku za Jela na Uwajibikaji wa Serikali

Mada ya semina, Chimwaga, Dodoma

Faini ni adhabu ya fedha anayopewa mtu aliyetiwa hatiani. Inatofautiana na fidia, inayokwenda kwa aliyeumizwa, na ada, inayolipwa kwa huduma. Kwa Ibara ya 135 ya Katiba, mapato ya Serikali huwekwa katika Mfuko Mkuu wa Hazina, na faini ni sehemu yake. Bunge linaikuta faini mara mbili: linapotunga sheria inayotaja kiwango, na linapoisimamia Serikali inayokusanya, kama Ibara ya 63 inavyoelekeza. Ibara ya 107A nayo inaitaka Mahakama itende haki bila kujali hali ya mtu kijamii au kiuchumi. Haya yote yanafahamika kwa washiriki.

Bei ya siku moja ya jela

Kisichojadiliwa vya kutosha ni uhusiano kati ya shilingi na siku za kifungo. Hukumu nyingi husomwa kwa namna ileile: alipe faini kiasi fulani au aende jela muda fulani. Neno "au" linadai kwamba vitu hivyo viwili vina uzito sawa. Sheria zenyewe hazioneshi hivyo.

Kifungu cha 176 cha Kanuni ya Adhabu, Sura ya 16, kinachohusu uzururaji, kwa miaka mingi kimesomeka kuwa adhabu ni faini isiyozidi shilingi 500, au kifungo cha miezi mitatu, au vyote viwili. Kanuni za mwaka 2019 zilizopiga marufuku mifuko ya plastiki zilimwekea anayekutwa nayo faini ya hadi shilingi 30,000 au kifungo kisichozidi siku saba. Kanuni za maudhui ya mtandaoni za mwaka 2018 zikaweka faini isiyopungua shilingi milioni 5 au kifungo kisichopungua miezi 12. Ukigawa fedha kwa siku, siku moja ya jela katika sheria ya kwanza haifiki shilingi sita. Katika ya pili inazidi shilingi 4,000, na katika ya tatu inazidi 13,000. Nchi ni moja na gereza ni lilelile.

Sababu haina siri. Shilingi hushuka thamani lakini mwezi wa jela haushuki. Kiwango kilichoandikwa kwa tarakimu ndani ya sheria hubaki palepale hadi Bunge likirekebishe, na Bunge halina utaratibu wa kukirekebisha isipokuwa pale tatizo linapopiga kelele. Hapo mambo huenda pande mbili. Kwenye sheria kongwe, hakimu anayeona faini ya shilingi 500 ni mzaha hubakiwa na kifungo kama adhabu pekee yenye uzito. Kwenye sheria mpya, kiwango cha chini kimepandishwa mno hata faini imebaki ya maandishi tu: hakimu anaitamka, mshitakiwa hana, ndugu hawana, na karandinga linaondoka naye. Njia zote mbili zinafika kwenye lango la gereza la Isanga.

Katika uwanda wa kati jambo hili lina sura yake. Mvua ni ya msimu mmoja, kuanzia Desemba hadi Aprili, na mkulima wa mtama, karanga au alizeti wa Kongwa, Bahi au Chamwino hushika fedha ya maana baada ya mavuno. Faini ya shilingi 100,000 mwezi Julai ni maumivu, lakini kiasi hichohicho mwezi Februari, ghala likiwa tupu, ni kifungo. Sheria haimkatazi hakimu kutoa muda wa kulipa, ila muda huo ni hiari yake, na mshitakiwa asiye na wakili mara nyingi hajui kwamba anaweza kuuomba. Kwa maneno mengine, kalenda ya kilimo inaamua nani afungwe. Ni vigumu kuona Ibara ya 107A ilikusudia hivyo.

Bunge limewahi kuligusa suala hili. Katika hotuba ya bajeti ya Juni 10, 2021, jijini Dodoma, Waziri wa Fedha na Mipango, Dk. Mwigulu Nchemba, alipendekeza faini ya makosa ya barabarani kwa pikipiki na bajaji ishuke kutoka shilingi 30,000 hadi 10,000 kwa kosa. Hadi wakati huo dereva wa bodaboda alitozwa sawa na mwenye lori au basi. Wabunge walilipokea pendekezo hilo vizuri na Sheria ya Fedha ya mwaka huo ikaliweka.

Uamuzi ulikuwa sahihi. Hata hivyo, njia iliyotumika inastahili kuangaliwa. Adhabu ilibadilishwa ndani ya Sheria ya Fedha, katika hekaheka za bajeti, pamoja na kodi na tozo. Adhabu ikijadiliwa kama chanzo cha mapato, swali linakuwa Hazina itapata au itapoteza kiasi gani, na haki inasubiri nje ya mlango. Tena kilichopimwa kilikuwa chombo cha usafiri. Mfuko wa mtu haukupimwa: kijana anayepeleka hesabu kwa tajiri kila jioni na mwenye pikipiki yake anayoendea ofisini walipunguziwa sawasawa.

Inashangaza, na hapa uvumilivu wa wataalamu huanza kupungua, kwamba dawa ya nusu ya tatizo tayari imo ndani ya sheria za nchi. Sheria ya Usimamizi wa Kodi ya mwaka 2015 haikutaja adhabu nyingi kwa shilingi. Ilizitaja kwa vipimo vya fedha, kila kipimo kikiwa shilingi 15,000 sheria ilipotungwa. Kipimo kikirekebishwa mahali pamoja, adhabu zote zinafuata. Uganda ilifanya hivyo kwa makosa ya jinai mwaka 2008, kipimo kimoja kikiwa shilingi 20,000 za nchi hiyo. Mkusanya kodi wa Tanzania amelindwa dhidi ya mfumuko wa bei. Hakimu wa Mahakama ya Mwanzo hajalindwa.

Nusu ya pili ni uwezo wa mlipaji. Finland, tangu mwaka 1921, hutoza faini kwa siku: mahakama huamua idadi ya siku kulingana na uzito wa kosa, na thamani ya siku kulingana na kipato. Kuuchukua mfumo huo kama ulivyo hakufai katika nchi ambayo wengi hawana hati ya mshahara. Lakini hesabu ya siku ya bodaboda inajulikana kijiweni, na bei ya gunia la alizeti inajulikana gulioni. Hakimu anaweza kuuliza.

Fedha ikishalipwa

Upande wa uwajibikaji unaweza kuelezwa kwa ufupi, kwa kuwa wengine wameshauandika. Mwaka 2019 sheria ilirekebishwa kuruhusu makubaliano ya kukiri kosa, na mwezi Septemba mwaka huohuo Mkurugenzi wa Mashitaka alitangaza kwamba washitakiwa 467 wa uhujumu uchumi wameomba kurejesha zaidi ya shilingi bilioni 107. Utaratibu wenyewe si mbaya. Kasoro ni kwamba fedha nyingi kiasi hicho zilihusu watu waliokuwa mahabusu kwa makosa yasiyo na dhamana, na anayeamua akiwa ndani si mtu huru kabisa.

Mfano wa pili ni wa kurudisha fedha. Machi 2020 Mahakama ya Hakimu Mkazi Kisutu iliwatoza viongozi wa CHADEMA faini ya jumla ya shilingi milioni 350, na wananchi wakachanga ili watoke. Juni 2021 Mahakama Kuu ilitengua hukumu na kuamuru fedha zirudishwe. Asiyelipa faini, kama hakupewa muda, hupelekwa jela siku hiyohiyo. Serikali inapochelewa kulipa, Sheria ya Mashauri dhidi ya Serikali hairuhusu mali yake ikamatwe. Mdai hubaki na hati na subira. Mizani haijakaa sawa.

Bunge likitaka linaweza kuiwajibisha Serikali. Desemba 20, 2013, hapahapa Dodoma, taarifa ya kamati yake kuhusu Operesheni Tokomeza, ya kupambana na ujangili, iliwaondoa mawaziri wanne kwa usiku mmoja.

Mapendekezo

Viwango vyote vya faini katika Kanuni ya Adhabu viandikwe upya kwa vipimo vya fedha, kama ilivyo kwenye kodi. Uwepo uwiano mmoja wa kisheria kati ya kipimo na siku za kifungo mbadala, utakaotumika katika sheria na kanuni zote, zikiwemo zinazotungwa na mawaziri. Viwango vya chini visivyolipika viondolewe, kwa kuwa vinageuza faini kuwa kifungo. Hakimu alazimike kuuliza kipato na msimu wa kipato kabla ya kutamka faini, na aandike jibu kwenye mwenendo wa shauri.

Mshitakiwa aelezwe mahakamani, kwa Kiswahili, kwamba anaweza kuomba muda au kulipa kwa awamu. Kwa mkulima, awamu zifuate mavuno. Asiyeweza kulipa apewe kwanza adhabu chini ya Sheria ya Huduma kwa Jamii ya mwaka 2002, na jela iwe ya mwisho. Sheria hiyo ipo. Inahitaji maofisa na usafiri.

Mabadiliko ya faini za jinai yasipitishwe tena ndani ya Sheria ya Fedha, bali yaletwe kwa muswada wake na yapitie kamati inayoshughulikia katiba na sheria. Askari na mahakama wasipangiwe malengo ya makusanyo. Faini iliyotenguliwa na rufaa irudishwe ndani ya siku 90, na ikichelewa ilipiwe riba. Mdhibiti na Mkaguzi Mkuu aombwe kuwa na sura ya faini katika taarifa yake: zilizotozwa, zilizolipwa, zilizogeuzwa kifungo na zilizorudishwa. Kamati ya Hesabu za Serikali iijadili sura hiyo kila mwaka. Na, kwa kurudia, uwiano kati ya shilingi na siku uwe mmoja.

Mapendekezo ya vipimo na uwiano hayahitaji jengo wala mkopo. Yanahitaji muswada wa kurasa chache, na wizara inayohusika na sheria inaombwa kuuleta bungeni kabla ya bajeti ijayo.