Dereva, Puliza Hapa!

Leo tuzungumze juu ya madereva wa malori makubwa na mabasi kule Marekani, ambako baadhi ya ndugu zetu wanafanya kazi hiyo.

Mwaka 1991 treni ya chini ya ardhi iliacha reli mjini New York. Watu 5 walikufa. Dereva alikuwa amelewa. Mwaka huohuo ikapitishwa sheria kwamba madereva wapimwe kazini. Pumzi hupimwa pombe. Mkojo hupimwa bangi, kokeini na dawa nyingine. Hupimwa kwa kushtukizwa, na pia baada ya ajali mbaya. Pombe ikifika asilimia 0.04 katika damu, nusu ya kiwango cha madereva wa kawaida katika majimbo mengi, dereva anaachishwa usukani.

"Ah, si bangi imeruhusiwa kule?" Majimbo kadhaa, ndiyo. Kwa dereva wa lori, hapana. Na akikataa kupimwa? Anahesabiwa kuwa amevunja sheria.

Basi maisha yake yameharibika? La. Anaonana na mtaalamu, anapata mafunzo au matibabu, anapimwa tena. Mwajiri akimrudisha, atapimwa ghafla angalau mara 6 katika miezi 12 ya kwanza.

Rafiki, usidanganywe: kahawa nzito na kuoga maji baridi haviondoi pombe mwilini. Ni muda tu. Abiria hana muda wa kusubiri ajali imfundishe dereva.

Je, wewe ungekubali kupimwa bila kuambiwa siku? Jadilianeni na wenzako.