Kubadili Maji ya Hodhi la Samaki Bila Kuielemea Nyumba

Mazungumzo kwa makatibu na wanachama wa vyama vya msingi, Mbinga na mwambao wa Ziwa Nyasa



Ufugaji wa samaki nyumbani umeingia katika vijiji na miji ya Mbinga na Nyasa kwa sura mbalimbali. Wapo waliojenga mahodhi ya saruji nyuma ya jiko. Wapo waliokata matangi ya plastiki yaliyokwisha kupasuka juu, wakayafanya makazi ya kambale. Na wapo wachache, hasa watumishi na wafanyabiashara, walioweka matangi ya kioo sebuleni ili wageni wafurahi macho. Mabwawa ya udongo ya mabondeni yamekwisha zungumzwa mara nyingi, nayo yataachwa kando. Mazungumzo haya yahusu hodhi na tangi, yaani vyombo visivyo na mfereji unaoingia wala unaotoka, ambavyo maji yake hayabadiliki mpaka mkono wa mtu uyabadili. Na hapo ndipo lilipo swali: ni mkono wa nani?

Chukua hodhi la kawaida lenye urefu wa mita 2, upana wa mita moja na nusu, na maji ya kina cha sentimita 80. Ndani yake mna lita 2,400. Kanuni ifuatwayo na wafugaji wengi ni kubadili kiasi cha theluthi moja kwa juma, na kuzidisha endapo samaki ni wengi. Theluthi ya maji hayo ni lita 800, yaani ndoo 40 za lita 20. Lakini hizo ni ndoo za kuchota na kumwaga nje tu. Bado ndoo 40 nyingine za kuleta maji mapya. Ndoo 80 kila juma, kila moja ikiwa na uzito wa kilo 20, ni kazi ambayo baba mwenye hodhi aghalabu haifanyi yeye. Huifanya mama na watoto, baada ya shamba na kabla ya chakula cha jioni. Mkopo wa kujengea hodhi huandikwa kwa jina la baba. Ndoo hazikuandikwa popote.

Katika nyumba moja pembezoni mwa mji wa Mbinga, mwanachama wa chama cha kahawa alijenga hodhi la namna hiyo baada ya malipo ya msimu, akatia kambale. Miezi miwili ya kwanza maji yalibadilishwa kila Jumamosi. Msimu wa kuchuma kahawa ulipoingia, Jumamosi zikaanza kupotea moja moja. Kisha mama akaitwa msibani Litembo, akakaa siku kumi. Baba aliendelea kulisha, tena akaongeza chakula kwa kuwa samaki walikuwa wamekua. Mama aliporudi aliyakuta maji meusi, na kambale wakielea matumbo juu. Waliosalia hai walikuwa kumi na wanane. Palitokea maneno makali katika nyumba ile, kila mmoja akimtupia mwenziwe lawama, nayo si maneno ya kurudia hapa. Lakini mtu akilikagua jambo lile kwa haki hataona uvivu wa mama. Ataona hodhi lililojengwa bila tundu la kutolea maji.

Ni vema kueleza kwa ufupi kinachotokea majini. Samaki hula, hupumua na kujisaidia katika maji yale yale. Matamvua yake hutoa amonia, na chakula kilichobaki nacho kikioza huongeza amonia hiyo. Vijidudu vyenye manufaa, ambavyo huota kwenye kuta na sakafu ya hodhi, huigeuza amonia kuwa nitriti, ambayo nayo ni sumu. Kisha vingine huigeuza nitriti kuwa nitrati. Nitrati haina makali ya haraka, lakini hujilimbikiza siku hadi siku, na katika hodhi la nyumbani hakuna njia nyepesi ya kuipunguza ila kuyatoa maji yenyewe. Maji yakiachwa na chakula kikizidi, vijidudu hushindwa kazi, na amonia hubaki kuunguza matamvua.

Kambale huwadanganya wengi katika jambo hili. Kwa kuwa anacho kiungo cha kuvutia hewa kutoka juu ya maji, watu hudhani kwamba maji ya aina yoyote yanamtosha. Perege hutoa onyo mapema: hupanda juu alfajiri, vinywa wazi, wakitweta. Kambale hupanda kuvuta hewa kila siku, hali ya maji iwe njema au mbaya, hivyo mwenye nyumba haoni tofauti. Amonia haijali kwamba samaki anaweza kuvuta hewa ya juu.

Wakazi wa mwambao wamezoea kuona samaki wakistawi bila mtu kuwabadilishia maji, na jambo hilo lina sababu. Ziwa Nyasa lina kina kinachofikia mita 700 hivi, na uchafu wa samaki mmoja humo ni kama chumvi kidogo iliyotupwa katika mto. Hata hivyo, ziwa lenyewe halikusamehewa kanuni hii. Maji yake ya chini sana hayachanganyiki na ya juu, na kuanzia kina cha mita 250 hivi kwenda chini hamna hewa ya kumtosha samaki. Ikiwa ziwa zima lina sakafu isiyokalika, hodhi la lita 2,400 haliwezi kuwa na sakafu safi kwa bahati tu.

Samaki wadogo wa miambani, wale waitwao mbuna, wamewafundisha wengi somo hili. Mbuna wa ziwa hili hufugwa katika matangi ya kioo huko Ulaya na Marekani, na baadhi yao hujulikana huko kwa majina ya mahali petu. Mtu wa Ujerumani ambaye hajapata kuiona Liuli anaweza kuwa na samaki sebuleni kwake anayemwita Hongi, kwa jina la kisiwa kilicho jirani nayo. (Asifikiri mtu kwamba anaweza kwenda miambani na wavu kesho asubuhi: uvuaji na usafirishaji wa samaki hai wa mapambo unahitaji leseni kwa mujibu wa sheria ya uvuvi.) Maji ya Ziwa Nyasa yana ukali kidogo wa magadi, na katika maji ya namna hiyo amonia huwa na sumu zaidi. Ndiyo maana wafugaji wa mbuna hawana ruhusa ya kuahirisha kazi. Walipochoshwa na ndoo, waliuacha urefu wa mpira na mteremko viwafanyie kazi.

Njia ya kwanza, basi, ni mpira wa kufyonza. Kila aliyemwona fundi akitoa dizeli katika pipa anaijua. Ncha moja ya mpira huwa ndani ya hodhi, ya pili huwa nje, mahali palipo chini kuliko usawa wa maji. Mpira ukishajaa maji, hayo hujivuta yenyewe mpaka mtu ayakatishe. Jambo la kuacha ni kuanzisha kwa kunyonya kwa mdomo. Maji ya samaki ni maji ya kinyesi. Mpira ujazwe maji kwanza, ncha zote mbili zizibwe kwa vidole gumba, kisha ncha moja izamishwe na nyingine ishushwe nje ndipo zifunguliwe. Ncha ya ndani ifungwe wavu ili samaki wadogo wasivutwe, na ipitishwe polepole sakafuni, ambako uchafu umetulia. Mpira wa inchi moja wenye mteremko mzuri hutoa zile lita 800 kwa muda wa saa moja au pungufu, na mtu hubeba mikono mitupu.

Kwa tangi la kioo njia hiyo peke yake yatosha. Tangi la sentimita 90 kwa 40 kwa 45 huchukua lita 162. Mwenye tangi abandike utepe kwenye kioo sentimita 15 chini ya usawa wa maji. Maji yakifika kwenye utepe, theluthi imetoka, na hana haja ya kuhesabu lolote.

Njia ya pili ndiyo bora kwa hodhi la saruji, nayo ni bomba ndani ya bomba. Wakati wa kujenga, sakafu ya hodhi hupewa mteremko wa kuelekea pembe moja. Pembeni hapo huwekwa soketi ya bomba la plastiki la inchi mbili, linalopita chini ya ukuta na kutokea nje. Ndani ya soketi husimamishwa kipande cha bomba, bila gundi, chenye urefu sawa na kina cha maji kinachotakiwa. Maji yakipanda kupita urefu huo humwagikia ndani ya bomba na kwenda nje. Mpaka hapo, yatokayo ni maji ya juu, yaliyo safi kuliko ya chini. Kwa hiyo bomba hilo huvikwa jingine pana zaidi, la inchi nne, lililokatwa meno upande wa chini na lenye kuzidi usawa wa maji kwa upande wa juu. Sasa maji hayana njia ila kupita kwenye meno yale sakafuni, yakapanda kati ya mabomba mawili, yakabeba uchafu pamoja nayo.

Faida yake ni kwamba kumwaga hujifanya kwenyewe. Anayetia maji mapya upande mmoja anatoa yaliyochakaa upande mwingine kwa tendo lile lile. Zile ndoo 40 za kutoa zimekwisha. Kweli, maji mapya huchanganyika na ya zamani kabla ya kutoka, kwa hiyo yafaa kutia zaidi kidogo ya theluthi. Siku hodhi linapohitaji kushushwa sana, bomba la katikati hung'olewa kwa mkono.

Zilizobaki ni ndoo za kuleta. Hapa milima ya Mbinga inao utajiri usiotumiwa. Wamatengo, waliochimba ngolo katika miteremko kwa vizazi vingi, hawahitaji kufundishwa jinsi maji yanavyoteremka na jinsi ya kuyazuia. Na huko Kindimba, mwanzoni mwa miaka ya 2000, wanakijiji kwa kushirikiana na Chuo Kikuu cha Kilimo cha Sokoine waliyafanya maji ya mto yaendeshe mashine ya kusaga. Maji yawezayo kusaga mahindi yanaweza kujaza hodhi. Nyumba nyingi zina paa la bati juu na bustani chini. Pipa la lita 200, au mawili, yakiinuliwa juu ya ukuta wa hodhi na kulishwa na mfereji wa bati au na bomba la maji, humaliza kazi kwa kufungua koki, ingawa litajazwa mara kadhaa kwa juma. Nayo bustani ipokee yatokayo, maana uchafu uleule unaoua samaki ni mbolea ya mboga na ya miche ya kahawa.

Pipa lina kazi ya pili, ambayo ni lazima itiliwe mkazo. Huko milimani maji ya kijito asubuhi ni ya baridi kali, na samaki aliyezoea maji yaliyopata jua hushtuka yakimwagwa kwa wingi. Yakae pipani siku nzima kwanza. Maji ya bomba ya mjini yaliyotiwa dawa ya klorini nayo yakae wazi kwa siku moja au mbili ili dawa ipungue.

Mwambaoni, kuanzia Lituhi hadi Mbamba Bay, hali ni kinyume. Baridi haipo, lakini maji ya moto hushika hewa kidogo kuliko ya baridi, kwa hiyo kuahirisha kuna madhara ya haraka zaidi. Tena ufuko ni tambarare, na hodhi lililochimbwa ardhini halina pa kumwagia. Mwanachama wa huko ajenge hodhi juu ya ardhi, sakafu ikiwa juu ya goti, la sivyo mpira na bomba havitamfaa.

Makosa mawili yataondolewa hapa kwa haraka. La kwanza ni la wale wanaosubiri mwezi mzima, kisha wakamwaga maji yote na kusugua kuta kwa sabuni. Hao huwatia samaki msukosuko na kuviua vijidudu vinavyowasaidia. La pili ni hodhi jipya: saruji mbichi hutoa chokaa majini, hivyo lijazwe na kumwagwa mara kadhaa kabla samaki hawajaingia.

Kwa upande wa vyama, mpira na mabomba yakinunuliwa kwa mzigo mmoja kwa wanachama wote wenye mahodhi, bei hushuka, na fundi mmoja huweza kuzunguka. Katibu anayepokea ombi la mkopo wa hodhi aulize kwanza mchoro wa tundu la kutolea maji uko wapi, kama vile aulizavyo dhamana. Na kila hodhi liwe na daftari lake la kurasa chache: tarehe ya kubadili maji, kiasi kilichobadilishwa, samaki waliokufa, na jina la aliyeifanya kazi. Safu hii ya mwisho isiachwe wazi.

Hodhi lile la pembezoni mwa mji lilitobolewa pembeni na fundi, likawekewa mabomba mawili, na pipa likainuliwa juu ya matofali upande wa mlimani. Chini yake mama amepanda maboga na figiri. Siku ya Jumamosi kazi ya maji hufanywa na mtoto wa darasa la nne, ambaye hufungua koki, akaenda kucheza, akarudi kuifunga.