Wete na Baraza Lake la Mji: Nani Anamchagua Sheha?

(Maneno niliyoyasema mbele ya Wazanzibari wenzangu hapa London)



Mimi ni muuguzi, si mwanasiasa, kwa hiyo mtanistahamilia nikizungumza kama mtu wa wodini.

Kila tukikutana mazungumzo yetu ni mawili: urais na Muungano. Sina ugomvi nayo. Lakini leo naomba tushuke chini kidogo, tufike Wete. Mji mdogo, hujamaliza kuupita umeshaingia kwenye mikarafuu na mihogo. Mji huo una Baraza lake la Mji, kama ilivyo Chake Chake na Mkoani, na Micheweni wana Halmashauri ya Wilaya. Vyombo hivi vimewekwa na Sheria ya Serikali za Mitaa nambari 7 ya mwaka 2014, iliyokuja baada ya zile za 1995. Jee, nani humu ndani anamjua diwani wa kwao? Sisemi mbunge wala mwakilishi, nasema diwani.

Naona watu wanatazamana.

Nieleze kwa nini jambo hili linanigusa mimi kama muuguzi. Kipindupindu sote tunakijua. Mwaka 2009 maelfu ya watu Unguja na Pemba walinyweshwa chanjo, na mwaka 2015 na 2016 maradhi yakarudi tena. Chanjo ni kitu kizuri, lakini maradhi haya hayaanzii hospitali. Yanaanzia kwenye jaa lisilozolewa, kwenye mtaro uliojaa, kwenye soko lisilo na choo. Maji ni kazi ya ZAWA, lakini jaa, mtaro na soko ni kazi ya Baraza. Mgonjwa akifika kwetu sisi wenye dripu, Baraza limeshashindwa zamani.

Na hapa London tunapokaa ndipo palipotoka somo lenyewe. Mwaka 1854 kipindupindu kiliua mamia ya watu Soho, na daktari John Snow akabaini kuwa chanzo ni bomba la maji la Broad Street. Hakwenda kwa Malkia wala Bungeni. Alikwenda kwa wajumbe wa parokia ya St James, watu wa mtaa ule ule, nao, ingawa hoja yake haikuwakaa sawa, wakauondoa mkono wa bomba. Waliosoma historia watanambia maradhi yalikuwa yameshaanza kupungua. Ni kweli. Ninachokitazama mimi ni kuwa uwezo wa kuuondoa ulikuwa umbali wa kutembea kwa miguu.

Mpaka leo ni hivyo. Tokea 2013 afya ya jamii katika England iko chini ya halmashauri za mitaa. Halmashauri yangu inalazimika kutangaza kila malipo yanayozidi pauni 500, na kila mwaka kuna siku 30 za kazi ambazo mkaazi anaweza kwenda kuzikagua hesabu. Mimi mhamiaji, na nina haki hiyo. Shangazi yangu aliyezaliwa Wete anayo?

Diwani wa Wete huchaguliwa, hilo tukubali. Lakini mkurugenzi anayeshika kazi za kila siku huteuliwa na Rais. Baraza linategemea ushuru wa soko, leseni na kinachoteremshwa kutoka juu. Karafuu ya Pemba kwa sheria mnunuzi wake ni ZSTC peke yake, na sijaona siku fedha yake ikajadiliwa na madiwani wa pale inapochumwa.

Sasa tuje kwa sheha, maana hapa ndipo penye donda. Sheha huteuliwa na Mkuu wa Mkoa. Hapigiwi kura na mtu. Na bila ya barua yake hupati kitambulisho cha Mzanzibari Mkaazi, na bila ya kitambulisho hicho huandikishwi kupiga kura. Shangazi yangu huyo huyo alimwendea sheha wake mara tatu, akaambiwa njoo kesho. Mara ya nne akapewa barua, uchaguzi umeshapita. Na Wete ni mji uliomwagika damu Januari 27, 2001. Watu wake hawana haja ya kufundishwa kumuogopa mwenye muhuri.

Tanganyika mwenyekiti wa kijiji na wa mtaa huchaguliwa. Najua mtakayonijibu: Novemba 2024 CCM ilizoa karibu viti vyote huko, kwa hiyo kura peke yake si dawa. Sawa. Lakini aliyechaguliwa anaweza kuulizwa, hata akiwa amechaguliwa vibaya. Aliyeteuliwa anamjibu aliyemteua. Mimi nadai sheha achaguliwe na shehia yake, na dai hili naliona ni kubwa kuliko nusu ya yale tunayopigia kelele humu.

Na sisi tuna sehemu yetu. Tunachangishana kwenye WhatsApp, tunapeleka vitanda, tunachimba visima, mara gari la wagonjwa. Mwenyezi Mungu atulipe. Lakini hatuliandikii Baraza hata mstari mmoja, tunapeleka kwa jamaa zetu. Kisima kikiharibika mwaka wa pili, hakuna anayekijua kuwa ni chake.

Pendekezo langu ni dogo. Kabla ya mchango unaofuata, tuliandikie Baraza la Mji Wete tuombe bajeti ya mwaka huu, kwa Kiswahili, na ibandikwe sokoni ili wauza samaki waisome kabla yetu. Nimeshaandika rasimu ya barua, nakala ziko kwenye meza ya chai pale nyuma. Atakayetia saini naomba aandike na jina la shehia yake.