Safari Ni Ndefu Mno Kwako

Jumapili ya 19 ya Mwaka B
Somo: 1 Waf 19:4-8



Wapendwa wasikilizaji, somo la kwanza la Jumapili hii latuonyesha mtu mkubwa aliyeishiwa nguvu. Nabii Eliya, ambaye muda mfupi tu kabla yake alisimama imara mlimani Karmeli mbele ya manabii wa Baali, sasa ameketi chini ya mretemu jangwani, akimwomba Mungu amwondolee uhai. Hakuwa mvivu, wala hakuwa mtu asiyesali. Alikuwa amechoka, naye alikuwa na hofu.

Leo napenda tuwakumbuke vijana wetu walioko vyuo vikuu. Wazazi wengi wa Songea, Mbinga na Namtumbo mmeuza mahindi, kahawa au tumbaku ili mtoto asome. Alfajiri ya safari mlimsindikiza hadi kituo cha basi, mkamwambia, "Wewe ndiwe tegemeo letu." Neno hilo ni la upendo, lakini mtoto hulibeba hadi Dar es Salaam, Dodoma au Mwanza, na huko huzidi uzito kila mitihani inapokaribia.

Namkumbuka kijana mmoja aliyenijia wakati wa likizo. Alikuwa ameshindwa masomo mawili, na kwa miezi mingi alikuwa amewaficha wazazi wake. Fedha yake ya kujikimu, ile ambayo wanafunzi huiita bumu, aliigawa: sehemu alituma nyumbani kwa ajili ya mdogo wake, na iliyobaki ilimtosha kula mara moja kwa siku. Usiku alikesha na vitabu; mchana hakukumbuka alichosoma. Baba alipompigia simu, alijibu kila mara kwamba mambo ni mazuri. Kisha akaniambia kwa sauti ndogo, "Padre, afadhali nisingezaliwa."

Ndugu zangu, tutazame Mwenyezi Mungu alivyomtendea Eliya. Hakumkaripia, wala hakumwambia kwamba imani yake ni haba. Kwanza alimwacha alale. Kisha malaika akamgusa, akampa mkate na maji. Eliya akala, akalala tena. Na malaika akaja mara ya pili, akamlisha, akikiri kwamba safari ile ilimzidi nguvu. Baada ya hapo ndipo alipotembea siku 40, usiku na mchana, hadi mlima Horebu. Huko ndiko Mungu alikomwuliza habari zake na kumpa kazi mpya.

Basi, mwanafunzi unayenisikiliza, kulala na kula si kumwibia Mungu muda, wala si kuwaibia wazazi wako. Akili isiyopumzika haishiki inachosoma. Panga saa za kusoma, na saa za kulala uziheshimu vilevile.

Tena angalieni jambo jingine. Eliya alimwacha mtumishi wake Beer-sheba, akaingia jangwani peke yake. Akaamini kwamba amebaki yeye tu, kumbe Mungu alikuwa amejiwekea watu 7,000 waaminifu katika Israeli. Tena akampa Elisha awe mwenzake. Huzuni hupenda kututenga na watu. Usimwache mwenzako Beer-sheba! Mwendee rafiki, mshauri wa wanafunzi au padre mlezi wa chuo chenu. Na likikujia wazo la kufa, usilale nalo peke yako hata usiku mmoja: mwamshe mtu, umwambie. Kumwendea daktari si kukosa imani. Malaika naye alileta mkate na mtungi wa maji, vitu vya kawaida kabisa.

Kijana yule tulikwenda naye nyumbani kwao. Baba yake alinyamaza kwa muda mrefu, kisha akasema, "Mwaka mvua ikikosa, mimi siuzi shamba. Mbona hukuniambia, mwanangu?" Walilia wote wawili. Chuoni alirudia mitihani ile, na mmoja ulimlazimu kuurudia tena. Lakini safari hii nyumbani walijua, wakamwombea.

Wazazi wapendwa, jioni ya leo mpigieni simu mtoto wenu. Kabla ya kumwuliza matokeo, mwulizeni kama amekula na kama amelala. Akisema ameshindwa, asisikie kwanza hesabu ya magunia mliyouza. Nanyi makatekista, katika jumuiya zenu ndogondogo tajeni majina ya wanafunzi walio mbali, muwaombee, na mmoja wenu awatumie salamu.

Katika Injili ya leo Kristo ajitambulisha kuwa mkate wa uzima ulioshuka kutoka mbinguni. Anatulisha katika Ekaristi Takatifu kwa sababu ajua safari yetu ni ndefu. Awaguse wote waliolala chini ya mretemu, awainue, awafikishe mlimani pake.

Amina.