Kipanya, Modemu na Waya Namba 4



Nimeombwa niseme juu ya kompyuta, nami nitaanza na karani mmoja. Mwaka 1997, katika ofisi niliyofanyia kazi, kijana huyo alikatwa mshahara kwa kosa la kuharibu mashine. Kila alipopeleka barua kwa njia ya simu, kipanya kiliganda. Tukasema amekibamiza. Mimi nami nilisema hivyo, tena kwa sauti.

Kompyuta za ukoo wa IBM PC/AT ya mwaka 1984 zilikuwa na nyaya 16 za kuuita ubongo wa mashine. Mmoja ulitumika kuunganisha makundi mawili ya nyaya, zikabaki 15. Kifaa kikitaka kuhudumiwa huvuta waya wake, kama mtu apigaye kengele mlangoni. Kwa desturi, mlango wa kwanza wa mawasiliano na ule wa tatu ilipewa waya mmoja, namba 4. Kipanya chetu kilikuwa mlango wa kwanza, modemu wa tatu. Modemu ilipoamka, kengele ikawa ya wawili, na kipanya hakikusikika tena. Fundi alihamisha kibano kidogo kwenye kadi ya modemu hadi namba 5, iliyokuwa haina mwenyewe. Basi! Karani alirudishiwa fedha zake. Kumwomba radhi kulituchukua muda zaidi.

Kadi yetu ilikuwa ya kizamani, maana tangu 1993 ilikuwapo kanuni ya kuiachia mashine ugawaji huu. Kila kadi ina namba yake ya biti 72. Zote husomwa pamoja, biti kwa biti: yenye 1 husema, yenye 0 husikiliza, na ikisikia mwenzake kasema hujitoa. Hubaki moja, hupewa namba ya kuitiwa, kisha zilizosalia huanza upya. Mimi naona hapo pana akili kuliko katika mengi tuliyokaririshwa.

Kadi za PCI huulizwa vingine. Kwenye rejista ya anwani huandikwa 1 tupu, kisha husomwa kilichorudi. Biti za chini zilizogoma kubadilika huonyesha kadi inataka nafasi kubwa kiasi gani. Mara nyingi programu ya kuwashia mashine huwa imekwisha gawa, na kerneli ya Linux hukagua na kurekebisha penye mgongano.

Vijana, katika Linux andikeni lspci -v. Mtaona kila kifaa na fungu lake.