Nyumba ya Makumbusho ya Polisi katika Bow Street

 Leo twapenda kuwaeleza habari za nyumba moja ya makumbusho tuliyoizuru katika mji wa London. Ndani yake hamna mifupa ya wanyama wala dhahabu ya wafalme. Imewekwa ili kukumbusha kazi ya polisi: jinsi ilivyoanza, na mahali ilipopata nguvu zake. Iko katika njia iitwayo Bow Street. Jengo lake lilimalizika mwaka 1881, likawa kituo cha polisi pamoja na korti. Kituo kilifungwa mwaka 1992, na korti mwaka 2006. Hata mwaka 2021 sehemu ya jengo hilo ikafunguliwa kuwa makumbusho.

Kwanza hatuna budi kueleza jinsi mji ule ulivyokuwa zamani. Miaka 300 iliyopita, mtu wa London aliyeibiwa alimtafuta mwizi wake mwenyewe, au alimlipa mtu amtafutie. Sheria ya mwaka 1692 iliahidi zawadi ya pauni 40 kwa kila amshikaye mnyang'anyi wa njiani, akahukumiwa. Fedha hizo zilizidi ujira wa kibarua wa mwaka mzima. Basi wakatokea watu waliofanya biashara ya kushika wezi, na mashuhuri wao alikuwa Jonathan Wild. Watu walimsifu, kumbe yeye ndiye mkubwa wa wezi. Mali ya wizi ilipita mikononi mwake, naye akawarudishia wenyewe kwa malipo. Na mwizi aliyemkaidi alimpeleka kortini anyongwe. Wazee wetu walisema kweli: mwivi hushikwa na mwivi mwenziwe. Wild mwenyewe alinyongwa mwaka 1725. Walakini ubaya haukuisha, maana mwaka 1754 liligunduliwa kundi jingine lililowasingizia watu makosa ili lipate zawadi. Tazameni: fedha ilitolewa kwa nia njema, ikazaa maovu, kwa sababu mshikaji alilipwa kwa kupatikana mtu wa kuadhibiwa, wala si kwa kupatikana amani.

Mwaka 1740 hakimu Thomas de Veil alifungua baraza lake katika Bow Street, ng'ambo ya pili ya njia. Baada yake akaja Henry Fielding, mwandishi wa hadithi. Mwaka 1749 alichagua watu wachache, wapatao sita, wawafuate wahalifu kwa amri ya korti. Watu wakawaita Bow Street Runners, yaani wakimbiaji wa Bow Street, jina ambalo wenyewe hawakulipenda. Fielding alipofariki mwaka 1754, kazi ikashikwa na John nduguye, aliyekuwa kipofu. Husimuliwa kwamba John aliweza kuwatambua wezi 3,000 kwa sauti zao tu. Alitangaza katika magazeti sifa za wahalifu na alama za mali iliyopotea, hata wananchi wakawa macho yake.

Lakini watu hao nao waliendelea kupokea zawadi, na idadi yao ilikuwa ndogo. Kwa hiyo mwaka 1829 waziri Robert Peel aliunda polisi wa mji, wenye mshahara. Wakubwa wao wa kwanza walikuwa wawili: Charles Rowan, mwanajeshi, na Richard Mayne, mwanasheria. Walifundisha kwamba kazi ya kwanza ni kuzuia uhalifu usitendeke. Wananchi waliogopa kwamba watu hao watakuwa wapelelezi au jeshi la kuwaonea. Ndiyo sababu wakavikwa nguo za buluu, wasifanane na wanajeshi wenye nguo nyekundu; na silaha yao ya kila siku ikawa rungu fupi. Wala msidhani wote walikuwa wema: wengi wa wale wa kwanza walifukuzwa kwa ulevi.

Hapo tukakumbuka jambo linalotuhusu sisi. Peel aliwahi kutawala kule Ireland, na huko mwaka 1814 alianzisha kikosi cha namna nyingine. Polisi wa Ireland walishika bunduki, wakakaa kambini. Uingereza ilipounda polisi wa makoloni yake, mara nyingi ilifuata mfano wa Ireland kuliko ule wa London. Basi babu zetu walipomwona polisi, walimwona na bunduki, nao wakamwita askari, neno ambalo asili yake ni mwanajeshi. London ilijitahidi polisi asifanane na mwanajeshi. Kwetu jina lenyewe liliwaunganisha.

Tuliingia pia katika vyumba vya mahabusu, tukatazama na kizimba cha korti. Mwaka 1908 Emmeline Pankhurst na bintiye Christabel walishtakiwa katika korti hii, kwa sababu ya kudai haki ya wanawake kupiga kura. Leo sanamu ya Emmeline yasimama karibu na Bunge la Uingereza. Basi si kila aliyesimama kizimbani alikuwa adui wa watu.

Wala si kila aliyevaa sare alitendewa haki. Mwaka 1967 Norwell Roberts, mzaliwa wa kisiwa cha Anguilla, aliingia katika polisi wa London, akapangiwa kituo hiki hiki cha Bow Street. Alikuwa mtu mweusi wa kwanza kupokewa katika kazi hiyo baada ya vita vya 1939 hadi 1945. Baadhi ya wenzake walimtukana na kumharibia sare yake. Alivumilia miaka 30, na mwaka 1996 alipewa nishani ya Malkia.

Mabwana na mabibi, twawaachia neno moja. Nguvu ya polisi haitoki katika rungu wala bunduki, bali katika imani ya wale anaowalinda. Na imani hiyo haipatikani ila mlinzi naye akiwa chini ya sheria. Mwenye kulipwa kwa kukamata atakamata hata asiye na kosa. Nanyi wanafunzi, mkija kuvaa sare hiyo, likumbukeni jambo hili. Na msipoivaa, ijueni sheria, mpate kumwuliza aliyeivaa. Kwa herini.