Neno "Aliyejitakia" na Dirisha la Methadoni

(Maelezo ya Afisa Habari wa Halmashauri katika mkutano wa wakazi wa kata)



Katika mkutano uliopita mzee wetu mmoja aliuliza swali ambalo muda haukutosha kulijibu. Aliuliza ni kwa nini Serikali imnyweshe dawa teja aliyejitakia, ilhali mama mjamzito anaandikiwa cheti akanunue dukani. Ni swali la haki. Kuhusu upungufu wa dawa, Mganga Mfawidhi atalijibu mwenyewe baada yangu. Mimi nitazungumzia neno moja tu lililomo katika swali hilo: "aliyejitakia".

Yupo mwanazuoni wa uuguzi nchini Kanada, Bernie Pauly wa Chuo Kikuu cha Victoria, ambaye amechunguza kwa miaka mingi jinsi watu wanaotumia dawa za kulevya na pombe wanavyopokelewa katika huduma za afya. Mwaka 2015 yeye na wenzake walichapisha utafiti uliofanywa hospitalini, wakiwa wamezungumza na wagonjwa na pia na wauguzi. Walikuta mitazamo mitatu kuhusu matumizi ya dawa hizo: kwamba ni udhaifu wa mtu mwenyewe, kwamba ni jinai, na kwamba ni ugonjwa wa uraibu.

Mtazamo huo wa tatu ndio tunaoutangaza sisi siku zote, hata katika jarida hili. Lakini watafiti walibaini kwamba mitazamo yote mitatu, ukiwemo huo wa ugonjwa, iliwazuia watu kupata huduma na kutulizwa maumivu ipasavyo. Nilipofika hapo ilinibidi nisome mara ya pili. Maana yake, kwa jinsi ninavyoielewa, ni kwamba mtu akishabandikwa jina la mraibu, kila neno lake hupimwa kwa jina hilo. Akilalamika kuwa anaumwa, anadhaniwa anatafuta cha kumlevya.

Kanada ni mbali, lakini dirisha la kupokelea wagonjwa ni lilelile. Kijana akifika na jipu lililotokana na sindano, akaambiwa mbele ya watu "ninyi mateja subirini huko nje", hatarudi. Kikohozi chake cha majuma matatu hakitapimwa. Naye anarudi kulala chumba kimoja na wadogo zake, na anapanda daladala tunazopanda sisi. Kifua kikuu huenea kwa hewa. Virusi vya UKIMWI na homa ya ini hupita katika bomba la sindano wanalochangia, na virusi hivyo vya UKIMWI vinaweza kumfikia mke ambaye hajawahi hata kuuona huo unga. Kwa hiyo, mzee wangu, hata tukikubali kwamba alijitakia, mkewe hakujitakia.

Sasa niseme juu ya methadoni, kwa kuwa yamevumishwa mengi. Nchini kwetu tiba hii ilianza Februari 2011 katika Hospitali ya Taifa Muhimbili, ikafuata Mwananyamala na Temeke, kisha ikaenea mikoani. Ni dawa ya maji. Kwa kawaida mgonjwa huinywa kila siku mbele ya mtoa huduma. Hukaa mwilini muda mrefu kuliko heroini, hivyo humwondolea arosto kwa siku nzima. Akipewa kipimo sahihi halewi, na anaweza kwenda kazini. Si tiba ya wiki mbili. Wengi huhitaji miaka. Akikosa siku kadhaa mfululizo, hawezi kurudishiwa kipimo kilekile bila kuangaliwa upya, kwani kinaweza kumdhuru.

Hapo ndipo kata yetu inapoumia. Vijana wetu walioandikishwa husafiri kila siku hadi hospitali ya rufaa, Jumapili na sikukuu zikiwemo. Dawa hutolewa bure, nauli hailipwi na mtu. Asiyepata nauli leo, jioni arosto inamkamata, na anajua pa kuituliza ni wapi.

Pendekezo lililo mbele yenu ni kufungua dirisha la kunyweshea dawa katika kituo chetu cha afya, endapo Wizara itaridhia. Wapo wanaopinga kwa sababu kituo kiko jirani na shule. Hofu hiyo siidharau: methadoni ni dawa kali, mtoto akiinywa inaweza kumuua, na ulinzi wake ni lazima uandikwe kabla ya mlango kufunguliwa. Ila hoja kwamba dirisha "litatuletea mateja" siikubali. Hao vijana ni watoto wetu, na wamekwishakuwepo.

Maoni yapelekwe ofisi ya Mtendaji wa Kata kabla ya kikao kijacho cha Kamati ya Maendeleo ya Kata, kwa maandishi au kwa mdomo. Asiyejua kuandika ataandikiwa. Familia yenye mgonjwa imwone mhudumu wa afya wa mtaa wake, ambaye amekwishaelekezwa kumsindikiza hadi kliniki siku ya kwanza. Sasa namkaribisha Mganga Mfawidhi azungumzie dawa za akina mama.